Daftari la Jumatatu



Juma hili tumeonelea tuzungumze nanyi juu ya jambo dogo, ambalo hata sisi wenyewe tulilidharau kwa muda mrefu. Padre, kama mtumishi mwingine yeyote, anayo siku yake ya kupumzika, na kwa walio wengi wetu siku hiyo ni Jumatatu. Wengine hulala. Wengine hucheza bao, na wengine hufuga kuku na kuwasimulia wageni habari za kuku hao mpaka wageni wakatafuta viatu vyao. Sisi tuna daftari. Ni madaftari ya kawaida ya shule, yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na hadi sasa yamefika kumi na moja. Ndani yake hamna mahubiri wala hesabu za parokia. Mna ndege, upepo, maji ya bahari, miti iliyochanua na maneno tuliyoyasikia njiani, na vyote hivyo ni vya mahali pamoja tu, yaani Pujini.

Kwa wasioijua Pemba, Pujini iko kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, mwendo wa kama kilomita kumi, ambao kwa baiskeli na kwa mtu wa umri wetu wa miaka arobaini na kitu ni safari ya heshima. Tulipohamishiwa kisiwani kutoka bara, kuwahudumia Wakristo wachache walioko huku, walimu, askari na wafanyakazi wa maofisini pamoja na jamaa zao, hatukuwa na nia ya kuandika chochote. Tulikwenda Pujini kuyaona magofu tu, kama aendavyo mgeni yeyote. Tulijitambulisha kwa sheha, kama ilivyo ada ya visiwani, kisha kijana mmoja akatuongoza.

Magofu hayo ni ya ngome iliyozungukwa na boma, na wataalamu wa mambo ya kale huihesabu kuwa ya karne ya 15. Wenyeji huitaja kwa jina la Mkame Ndume, mtawala ambaye jina lake hufasiriwa kuwa mkamua wanaume. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha watu wake kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Kipo pia kisima ambacho, kwa masimulizi, kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wakati wa kuteka maji: mmoja akishuka kwa ngazi, mwingine akiteremsha ndoo kwa kamba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alifanya uchimbaji hapo pamoja na wenzake, na miongoni mwa yaliyoonekana ni chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa, lile pembe la enzi, lililofinyangwa kwa lipu ukutani.

Hayo yote tuliyaandika siku ya kwanza nyuma ya bahasha, tukarudi nyumbani tumeridhika. Usiku tukaisoma ile bahasha na kugundua kwamba hamna hata neno moja la jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu. Yote yalikuwa ya kusikia na kusoma. Mtu angeweza kuyaandika akiwa Morogoro. Tukajiuliza: je, mchana kutwa macho yetu yalikuwa wapi? Jumatatu iliyofuata tukanunua daftari dukani na penseli mbili, tukaenda tena, tukakaa juu ya jiwe nje ya boma mpaka tupate jambo la kwetu. Sentensi ya kwanza ya daftari la kwanza inasema hivi: "Saa tatu asubuhi, maji yamekupwa, ninga sita juu ya mkuyu."

Hatuna haja ya kuwaficha kwamba sentensi ile ilitupa furaha kubwa kuliko ukubwa wake. Ninga ni njiwa wa kijani. Akitulia katikati ya majani humwoni kabisa, na sisi tulimtambua kwa sababu tunda lilidondoka kichwani petu na hakukuwa na upepo. Ndipo tulipotazama juu, tukamwona mmoja, kisha baada ya dakika kumi wa pili, na yule wa sita tulimpata jua lilipokuwa limekwisha kuwa kali. Baadaye tukaja kujua kwamba ninga huyo ni wa Pemba tu. Kisiwa hiki kina aina nne za ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani: ninga huyo, chozi mwenye manyoya meusi yanayong'aa kama zambarau, kindege kidogo cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo ambaye tutamrudia hapa chini, kwa maana yeye ndiye sababu hasa ya kuandika haya.

Daftari lilitufundisha kisiwa. Kabla yake bahari kwetu ilikuwa bahari, iko pale, basi. Sasa tunajua siku za bamvua na siku za maji mafu, na tukiwa tumeketi mezani mjini Chake Chake tunaweza kusema mikoko ya Pujini imesimama katika maji kiasi gani saa hiyo. Tunajua ni juma lipi mwaka jana majamvi ya karafuu yalianza kutandazwa kando ya njia, kiasi kwamba mwendesha baiskeli hupita katikati ya harufu kama apitaye kati ya nyumba mbili. Tukifungua ukurasa wa tarehe kama ya leo wa mwaka uliopita tunakutana na sisi wenyewe, tukilalamikia goti lile lile.

Wala sisi si wa kwanza kushikwa na ugonjwa huu katika visiwa hivi. Yule kindege wa manjano ana jina la Vaughan katika vitabu vya wataalamu. Vaughan alikuwa afisa wa serikali ya Kiingereza Unguja, na habari zake za ndege wa Unguja na Pemba zilichapishwa mwaka 1929 na 1930. Bundi wetu naye alitambulishwa kwa ulimwengu wa elimu mwaka 1937, na ninga mwaka 1940, wote wawili na Pakenham, afisa mwingine wa utawala ule. Kitabu kidogo cha Pakenham kinachoorodhesha ndege wa visiwa hivi kilitoka mwaka 1979, yaani zaidi ya miaka arobaini tangu alipomwandika bundi. Kazi yao iliyowaleta huku ilikuwa utawala, na utawala ule una hukumu yake katika historia. Ndege walikuwa mapenzi yao ya pembeni.

Lakini tunayemwonea wivu hasa ni mwenzetu Padre Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alifika Unguja mwaka 1879 akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, akafanya kazi huko na Bagamoyo. Popote alipopita aliokota mambo mawili: mimea na maneno. Mimea aliikausha na kuipeleka Paris, na wataalamu wakampa jina lake jamii moja ya mimea, Sacleuxia. Maneno aliyaandika pamoja na mahali yalikotamkwa, maana alielewa mapema kwamba Kiswahili cha mji mmoja si cha mji wa pili. Mwaka 1898 alirudi Ufaransa akiwa na umri kama huu wetu, na hatujui kama alidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, yeye akiwa mzee wa miaka themanini na mitatu. Aliaga dunia mwaka 1943. Hebu fikirini, wapendwa: miaka arobaini mtu yuko mbali na pwani, nje kuna theluji, naye anapanga upya vikaratasi vilivyoandika jina la samaki au la tambi za taa.

Tukimfikiria huyo tunaona aibu kwa namna tulivyo wavivu. Maana shughuli hii ina taabu zake nayo. Zile za mwilini tuzipite haraka: unyevunyevu wa kisiwa huivimbisha karatasi, wino huenea, mchwa walikula daftari la tatu kuanzia pembeni hadi mwezi wa Agosti. Dawa yake ni penseli na debe la biskuti lenye mfuniko.

Taabu iliyo kubwa zaidi ni ya moyoni. Ilitokea kwamba kwa majuma matatu mfululizo hatukwenda Pujini. Kulikuwa na ugonjwa, kisha mkutano, kisha mvua. Kurasa tatu zikabaki nyeupe, nasi hatukuweza kuzivumilia. Jioni moja tukaketi tukazijaza. "Ninga saba, upepo wa kusi, mawingu." Nani angepinga? Ninga huwa hapo, na kusi ilikuwa ikivuma. Wale saba, hata hivyo, hawakuwahi kuwapo. Wamo katika daftari la tano mpaka leo, tumewapigia mstari mwekundu, na kila tukiwaona tunakumbuka jinsi ilivyo rahisi.

Makosa mengine hayana hila. Yule Gilbert White, mchungaji wa Kianglikana wa kijiji cha Selborne huko Uingereza, ambaye kitabu chake juu ya viumbe vya kijiji hicho kilitolewa mwaka 1789 na kinasomwa mpaka sasa, alikuwa na kobe aliyerithi kwa shangazi yake. Alimwita Timothy, jina la kiume, akamwandika kwa miaka mingi, alipolala, alipoamka, alivyokula, uzito wake. Baada ya wote wawili kufa gamba lilichunguzwa, ikaonekana Timothy alikuwa jike. Sisi kosa kama hilo tunalipokea kwa furaha. Mtu aliangalia kwa uaminifu akakosea, na kwa kuwa aliandika, wengine wakaweza kusahihisha. Ninga wetu saba hakuna awezaye kuwasahihisha.

Sasa tufike kwa bundi.

Baada ya mwaka mmoja hivi tulianza kulala Pujini usiku wa Jumatatu, kwa mwalimu mmoja rafiki yetu aliyetupa chumba cha uani. Tulitaka kumsikia bundi. Huyu bundi wa Pemba si yule mkubwa wa kutisha. Ni mdogo, na sauti yake ni moja tu, fupi, "hu", kisha kimya, kisha "hu" nyingine wakati umekwisha kudhani kwamba amekwenda zake. Tulijifunza kuiiga kwa kufumba viganja na kupuliza katikati ya vidole gumba. Usiku mmoja wa giza tukaisikia sauti hiyo katika mikarafuu nyuma ya nyumba fulani, tukaenda tukasimama chini ya miti. Tukapuliza. Akaitikia. Tukapuliza tena, akasogea karibu zaidi. Tulikuwa na furaha kama mtoto aliyepata barua. Tulihesabu milio sitini na nne, kila mmoja tukiuwekea kijistari kwa mwanga wa simu.

Halafu dirisha la nyumba ile likapata mwanga. Mlango ukafunguliwa, sauti ya mwanamke ikaomba hifadhi kwa Mungu, na bonge la udongo likarushwa likapiga mti juu yetu. Bundi akaondoka. Nasi tukaondoka kimya kimya, na, tukubali, tukicheka kidogo.

Asubuhi mwenyeji wetu akatuambia, kwa sauti ya chini kama mtu asemaye habari isiyofaa mbele ya chai, kwamba nyumba ile ina mgonjwa mahututi, mama mtu mzima, na kwamba usiku bundi alilia kwao kupita kawaida, na watu wa nyumba wanaamini kulikuwa na mtu chini ya miti akimwita. Kila aliyekulia pwani, na huko kwetu bara vilevile, anajua watu husema nini bundi akilia penye mgonjwa. Mwalimu hakujua kwamba mtu huyo ni sisi. Nasi hatukumwambia. Tulikunywa chai.

Tulichofanya ni kuandika. Na ole wetu, tuliandika vizuri. Ukurasa ule ulitoka kwa mkupuo mmoja, bila kufutwa neno: giza, mlio, padre amejikunyata kama mwizi wa karafuu, bonge la udongo, na "imani za watu hawa" zimewekwa pale penye kuchekesha zaidi. Juma lile lile mama yule akafariki. Tulipopata habari tuliandika tarehe ya kifo chini ya ukurasa, wala hatukubadili kitu hapo juu.

Hapo kabla daftari lilikuwa letu peke yetu. Lakini mwenye kuandika hufika mahali akatamani sikio la mtu. Wageni wakija nyumbani, baada ya chakula cha usiku, tulianza kusoma kurasa mbili tatu. Walicheka, wakaomba nyingine. Tukaanza, bila kujijua, kwenda Pujini kutafuta kurasa za kusomwa baada ya chakula. Mtu akituambia neno tulilisikiliza kwa sikio moja, la pili liko mezani kwa wageni. Idadi za ninga zikapungua katika daftari la saba, nasi tunaamini ninga hawakupungua. Na ukurasa wa bundi ndio ulioombwa kuliko zote. Tuliusoma mara nne au tano. Mmoja wa wasikilizaji alikuwa amezoeana na watu wa Pujini, naye akausimulia huko, bila nia mbaya, kama mtu asimuliavyo kichekesho.

Jumatatu moja alasiri tulikuwa tumeketi barazani kwa mwalimu, ikapigwa hodi. Akaingia mzee mmoja wa makamo ya juu, kanzu safi, kofia, bakora. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia. Ikaletwa kahawa. Mzee akauliza habari za Chake, za safari, za baiskeli, za wazazi wetu huko bara. Visiwani jambo zito halitangulii salamu, na kwa urefu wa salamu zile tulianza kukisia uzito wa jambo lenyewe. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Padri," akasema, "tumesikia unatuandika."

Tukajibu kwamba ni kweli tunaandika, lakini ni ndege na upepo.

"Na sisi pia," akasema. "Yule mama alikuwa dada yangu. Nisomee."

Mwalimu akatutazama, kisha akaangalia kwingine. Daftari lilikuwa mfukoni mwa begi. Tungeweza kusema limebaki Chake. Tulilitoa, tukausoma ukurasa ule, wote, kwa sauti. Wapendwa, tumesoma mengi mbele za watu katika maisha yetu ya upadre, mazishini na harusini, lakini hatujapata kusoma ukurasa mrefu kama ule. Kila neno tulilokuwa tukilipenda lilikuwa zito kulitamka. Penye "imani za watu hawa" sauti ilikwama, tukarudia sentensi tangu mwanzo.

Mzee alisikiliza akiwa ameegemea bakora. Tulipomaliza akanyamaza kwa muda, kisha akauliza swali tusilolitazamia. "Hiyo sitini na nne ni nini?"

Tukamweleza kwamba ni hesabu ya milio.

"Naye alikuwa akihesabu," akasema. "Usingizi ulikuwa haumjii. Watoto ndio walioogopa, wakamrushia udongo. Yeye aliwaambia wamwache, kwa kuwa ndiye anayempitishia usiku. Alikuwa akihesabu kwa vidole, akipotea anaanza tena. Hilo hukuliandika."

Tukasema hatukulijua.

"Hukuuliza," akasema mzee, bila ukali. "Ulikuwa nje ya nyumba, hukupiga hodi."

Tuliomba radhi. Tuliiomba kwa ajili ya usiku ule, kwa ajili ya chai ya asubuhi tuliyoinywa kimya, na kwa ajili ya meza ile ya wageni. Tukasema tutauchana ukurasa mbele yake. Tulikwisha kuushika pembeni. Mzee akatuwekea mkono juu ya daftari.

"Usichane. Ukichana atakuwa hakuhesabu. Kicheko kitoe. Na jina lake usilitie, jina liache kwetu."

Basi tuliketi pale barazani, padre na penseli yake, mzee na bakora yake, tukaupitia ukurasa mstari kwa mstari. Alikuwa mhariri mkali kuliko waalimu wetu wote wa seminari. Mahali tulipokuwa tumeandika nyumba "duni" akatuuliza tumeiona wapi, na hali ilikuwa usiku. Tukafuta. Yule padre aliyejikunyata kama mwizi wa karafuu alimwacha abaki, akasema hilo ni kweli. Chini, kabla ya tarehe ya kifo, tukaandika kwa maneno yake kwamba ndani ya nyumba kulikuwa na mtu aliyekuwa akihesabu pia. Ukurasa ambao ulikuwa na mistari ishirini na nane umebaki na kumi na mitatu.

Tangu siku ile hatusomi daftari baada ya chakula. Wageni wengine wamelalamika. Mambo kama haya tunayowaandikia leo tumeyaandika kwa idhini ya mzee mwenyewe, aliyetaka asomewe kwanza, na ambaye ametutaka tuondoe sentensi mbili, na tumeziondoa.

Hatukuacha kwenda. Kwa Jumatatu mbili hivi tulikosa ujasiri, kurasa zikabaki nyeupe, na safari hii tuliziacha nyeupe. Ya tatu tukaenda, tukapiga hodi kwanza kwa mzee. Sasa imekuwa desturi: yeye hutoka na bakora yake tukafuatana mpaka ukingoni mwa boma, na huko husahihisha. Mwezi wa Julai tulikuwa tumeandika "masika imechelewa kwisha", akacheka kwa mara ya kwanza mbele yetu na kusema hiyo si masika, ni mvua ya mchoo, kila mtoto anajua. Tulikuwa tumeyaandika makosa hayo kwa miaka miwili. Kuhusu Mkame Ndume ana habari ambazo hazimo katika vitabu, nyingine ametupa na nyingine amesema hizo ni za kusikiliza tu, si za penseli, na tunapozisikia tunaiweka penseli mfukoni ili aione inavyoingia.

Kwa ajili ya wale mtakaouliza, na tunawajua mtakaouliza, haya ndiyo ya Jumatatu iliyopita, jinsi yalivyo daftarini: "Upepo wa kusi, si mkali. Maji mafu. Ninga wanne juu ya mkuyu, labda watano, mzee anasema watano. Chozi mmoja dume. Usiku tumekaa barazani kwa mzee mpaka saa nne. Bundi hakulia."

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akitujalia.